Tunavumiliana au tunazikana?

Dirisha la ukumbini kwangu linatizama kichochoro, na kila siku kuanzia kama saa tatu asubuhi wanapita vijana wanaotembeza wageni, na wote wanasimama pale pale chini ya dirisha langu mana ndo penye kivuli, na wote wanasema maneno yale yale. Kwa Kiingereza nshayahifadhi, kwa Kitaliano nayajua kwa mlio tu. Kwamba hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar msikiti na kanisa na hekalu vimekaa pamoja miaka na miaka kwa amani, watu wa hapa ni wavumilivu, nyote mnakaribishwa. Wageni wanaitikia, wanapiga picha mlango wa jirani, wanaondoka, linakuja kundi jengine.

Sibishani na wale vijana. Ni kazi yao na mengi wanayosema ni kweli. Lakini siku nyengine nakaa pale na chai yangu nnajiuliza huo uvumilivu wanaousifu ni upi khasa, na nani anaemvumilia nani. Swali hili nimekaa nalo muda, na lina kisa chake cha humu humu ndani ya nyumba nnayokaa, ntakisema, lakini nianzie mbali kidogo.

Kwanza kilichopo kipo. Mie nakaa Kiponda. Nikiwa jikoni nasikia kengele za hekalu la Mabaniani la Hurumzi. Maithnaasheri, ambao ni Mashia, nao wana msikiti wao huku huku, na mwezi wa Muharram usiku wanapita vichochoroni wamevaa nyeusi wanajipiga vifua kwa ajili ya Imam Hussein, na sie Masunni tunakaa barazani tunawapisha, watoto wanataka kuwafata mpaka mwisho. Mabohora, nao Mashia, wana msikiti wao, Maismailia wana jamatkhana yao, ndo nyumba yao ya ibada. Muibadhi anasali nyuma ya Msunni na Msunni nyuma ya Muibadhi, huyu kafunga mikono yule kaiachia, wakitoa salamu kila mtu anavaa viatu vyake anakwenda zake na mimi toka nizaliwe sijamsikia mtu mzima akigombana kwa jambo hilo. Mkunazini liko kanisa la Waanglikana, na ukisimama pahala fulani unaona mnara wa kanisa na mnara wa msikiti kama vile vimesimama bega kwa bega. Minara Miwili liko la Wakatoliki, zamani Wagoa wengi, saivi Jumapili ukipita utaona waliojaa ni watu wa bara. Hata yule muimbaji Freddie Mercury ambae vijana hawamsahau katika maelezo yao, kazaliwa hapa 1946 katika familia ya Kifursi, Wahindi wenye asili ya Uajemi.

Kwa hiyo mchanganyiko upo. Sie wenyewe ndo mchanganyiko, mtu akianza kuhesabu babu zake anafika Ngazija, anafika Hadhramout, anafika Tumbatu, anafika Unyamwezini, na wote wamekusanyika katika pua moja.

Ila kijana wa wageni hana muda wa kuelezea watu walifikaje. Wapo waliokuja na jahazi kwa biashara zao. Wapo walioletwa. Lile kanisa la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, na utumwa wenyewe visiwani haukufutwa mpaka 1897. Wayao, Wanyasa, Wamanyema, walipita pale, na wengi vizazi vyao ndo hao waliojenga Ng'ambo. Na Ng'ambo ilikuwa ng'ambo kweli, palikuwa na hori la bahari linakata kati, huku nyumba za mawe, kule nyumba za udongo na makuti, na daraja ndo lililounganisha. Hori lilifukiwa siku nyingi sana. Daraja halipo. Lakini mpaka leo tunasema nnakwenda Darajani, na mtu wa Mwembetanga bado ni mtu wa Ng'ambo, na kuna wazee wa huku mjini ukimtajia mchumba wa Ng'ambo anauliza suali moja zaidi kuliko anavyouliza wa Shangani. Maji yashaondoka, jina halijaondoka.

Na kuna 1964, mwaka wa Mapinduzi. Hii nyumba nnayokaa mimi ilikuwa ya watu. Bi Mkubwa wa darini, ndo mkaazi wa zamani kuliko sote, kaingia humu akiwa mke mchanga, katokea Ng'ambo na mumewe, baada ya wenyewe kuondoka na nyumba kuchukuliwa na serikali kama zilivochukuliwa nyingi. Katika boriti za ukumbi wake kuna kulabu nne za chuma. Zilikuwa za bembea, yale mabembea makubwa ya mbao Wahindi wanayoyaning'iniza ndani kwa minyororo. Bembea hakulikuta, kazikuta kulabu tu. Watoto wetu wakimuuliza ni za nini anawaambia, "Waliokuwa wakikaa humu nao walikuwa na watoto." Basi. Haongezi, wala sie hatumuulizi zaidi, lakini toka aniambie mimi kila nikipanda kwake macho yanakwenda juu.

Sasa, mji wenye mambo kama hayo chini yake hauwezi kuelezewa kwa neno moja la uvumilivu. Na neno lenyewe ukilitizama vizuri lina tatizo. Kwa Kiswahili chetu mtu anavumilia nini? Anavumilia jino. Anavumilia njaa, anavumilia jua, mwanamke anavumilia mke mwenza. Mvumilivu hula mbivu, ndio, lakini mbivu ziko mbele, saivi ana maumivu. Ukimwambia jirani yako "mie nakuvumilia" ushamwambia yeye ni jino. Ndo mana mimi neno hili limenishinda, na ikiwa nitachagua neno la kupimia watu wanaokaa pamoja nachagua la kwetu Pemba: kuzikana.

Mie nimezaliwa Pemba, kijiji karibu na Wete. Kwetu watu wakisema fulani na fulani hawazikani, basi pameharibika, hapana tena cha kuuliza. Watu wanaweza wasisemezane miezi kwa ajili ya mpaka wa shamba au mkarafuu, lakini akifa mmoja mwenziwe anashika jeneza. Kukosa kushika jeneza ni jambo jengine kabisa. Na mie nimeliona kwa macho yangu.

Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1995, mfumo wa vyama vingi umeanza juzi, kijiji kizima upande mmoja wa siasa na nyumba mbili tatu upande wa pili. Babu yangu mdogo alikuwa katika hizo mbili tatu. Waliacha kununua dukani kwake. Waliacha kumuitika salamu, akisalimu msikitini safu inakuwa kimya. Alafu mkewe akafa. Mimi msichana wa miaka kumi na mbili, nimetumwa na mama kusaidia kuosha vyombo, na mama zangu wakubwa wamepika masufuria mawili ya wali kama inavyopikwa msibani, na mchana ukapita, laasiri ikapita, yamebaki masufuria mawili ya wali. Jeneza lilichukuliwa na watoto wake na wakwe zake, wanabadilishana wale wale, kaburi mbali. Dini moja hawa, dhehebu moja, kabila moja, lafudhi moja, wameoleana. Hakuna mtalii angesimama pale akaona tofauti baina yao. Kwa hiyo mtu akinambia tofauti za dini ndo zinagombanisha watu mimi nakumbuka yale masufuria.

Yaliendelea. Januari 2001 wakafa watu Pemba katika maandamano, wengine wakakimbilia Kenya. Muafaka wa kwanza baina ya vyama, CCM na CUF, 1999, wa pili 2001, karatasi zilisainiwa na huku vijijini watu bado hawazikani. Mpaka Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, wakakaa wakaonana, alafu Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Watu wa nje wanaona yale ni mambo ya vyeo. Mie nnachojua ni kwamba babu yangu mdogo alikufa 2011 na jeneza lake lilibebwa na wale wale, wengine wazee wenziwe wameshachoka lakini wamo, na mmoja nilimsikia anasema pale kaburini kwa sauti ya chini, tumechelewa. Sijui alikusudia maziko au kitu chengine. Baadae 2015 uchaguzi ukafutwa yakarudi baadhi, yakatulia tena, ndo maisha yetu.

Mjini nimekuja kuolewa 2006. Na hapa nikajifunza kwamba na mie ni mtu wa namna fulani, mana kule kwetu sikuwa Mpemba, kule sote Wapemba. Huku nikifungua mdomo tu mtu anacheka lafudhi. Sokoni, kwenye daladala, harusini, nasikia "Wapemba wamejaa mji huu", "Wapemba wamechukua maduka yote", na anaesema hanijui kama mimi ni mmoja, au ananijua na anasema tu. Nikanyamaza. Nikajifundisha kusema kama watu wa mjini. Ukisikia mtu anasifia mji wetu kuwa hauna ubaguzi muulize kwanza na yeye anatoka wapi.

Na 2012 na 2013 sizipiti kimya, ingawa watu wengi wanapenda zipitwe. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto hapa mjini. Novemba ile sheikh kamwagiwa tindikali. Krismasi padri kapigwa risasi akapona, Februari 2013 padri mwengine kapigwa risasi asubuhi ya Jumapili mbele ya kanisa lake, akafa. Waliokuwa wakituambia miaka yote kuwa sie ni wavumilivu walikuwa kimya wiki ile. Mie nilikuwa na mtoto mchanga, nimekaa ndani, na nakumbuka nilichofanya: hakuna. Nilisema masikini, nikazima tivii. Sikuwa na Mkristo hata mmoja ambae ningeweza kumpigia simu nimwambie pole. Miaka saba nakaa mji huu unaosifiwa, kengele na adhana nasikia zote, na sina namba ya Mkristo hata mmoja kwenye simu. Hilo lilinitisha baadae, wakati ule hata sikuliona.

Mji nao unakua. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, ya 2022 wamefika 893,169. Watu laki tatu wamezidi katika miaka kumi! Wengine tumewazaa wenyewe, wengine wametoka mashamba, na wengi wametoka bara kufata kazi za mahoteli na ujenzi na biashara. Na siku moja, nipo kwenye foleni ya bodaboda Darajani, nikamwambia shoga yangu kwa kinywa changu mwenyewe, "Watu wa bara wamejaa mji huu." Nilipomaliza kuisema nikaisikia. Ni sentensi ile ile, nimebadilisha neno moja tu.

Sasa kisa cha nyumbani.

Nyumba yetu tunakaa familia tano, uani pamoja, mfereji mmoja. 2021 chumba cha chini karibu na uwa kikachukuliwa na dada mmoja wa bara, Mkristo, anafanya kazi jikoni katika hoteli, na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Mtu mpole. Anasalimia, anafagia zamu yake, anapiga hodi. Sote tukasema tumepata jirani mzuri, na mie nilikuwa nawaambia watu kwa fakhari kabisa, sie kwetu tunakaa na Mkristo na hatuna neno nae.

Ramadhani ya 2022 mwanangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, ndo kwanza anajaribu kufunga siku nzima. Saa saba mchana, joto, mtoto kalala sakafuni midomo imekauka, na uani yule mtoto mdogo kakaa kwenye ngazi anakula chapati na chai. Mwanangu anamtizama. Mie nikatoka nikamkemea, si kwa kupiga kelele, lakini nilimkemea, nikamwambia hatuli nje wakati watu wamefunga, huna adabu wewe. Mtoto wa miaka mitano. Mamake akatoka, akasema, "Samahani dada," akamchukua ndani. Na toka siku ile mtoto hakula tena nje, nikaona yameisha, nikaona huyu mama anajua heshima. Nilimsifia kwa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akanitizama tu.

Kilichofata ni maji. Maji ya mfereji yanakuja usiku na yanakatika alfajiri, tunajaza kwa zamu. Zamu nilikuwa nazipanga mimi, na yeye nilimuweka mwisho, hoja yangu yeye yuko na mtoto tu, ndoo mbili zinamtosha. Ikawa mara nyingi zamu yake ikifika maji yashakatika. Mwaka na kitu hakusema. Alafu usiku mmoja karudi shifti saa saba za usiku, kakuta mapipa yetu yote yamejaa na mfereji mkavu, akasimama katikati ya uwa akapiga kelele mpaka watoto wakaamka. "Mimi nalipa kodi kama nyinyi! Kwa nini kila siku mimi ni wa mwisho? Kwa nini?"

Wallahi niliumia. Nilirudi chumbani nikamwambia mume wangu, huyu mwanamke hana shukurani, tumemkaribisha vizuri, tumekaa nae kwa wema, leo anatutukana usiku wa manane. Mume wangu akauliza, "Tumemkaribisha wapi? Si kakodi?" Akageuka akalala. Mie sikulala. Kweli, tumemkaribisha wapi. Anakwenda kulipa kodi ofisi ile ile nnayolipa mimi, anapewa risiti kama yangu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sie jembe tulimpa zamani, anafagia, anadeki ngazi, anachangia balbu ya uani. Shamba ndo hatukumpa. Miaka miwili yuko ndani ya nyumba na siku ya mwanzo kudai haki yake tukaona katuvunjia adabu, mana mgeni halalamiki, mgeni anasema asante. Kesho yake Bi Mkubwa akaita watu wote, akazipanga zamu upya mwenyewe kwa kuzungusha, kila wiki anaeanza mwengine. Mimi na yule dada tulikaa wiki mbili tunasalimiana kwa kichwa tu. Lakini toka pale akaanza kusema. Akiona takataka anasema, akiona mtoto wangu kafanya upuuzi anamkanya. Nyumba ikawa na kelele kidogo zaidi kuliko zamani.

Alafu Juni 2024, usiku, tukasikia kilio chumbani kwake. Kapigiwa simu kutoka kwao, mamake kafariki. Tukatoka wanawake wote, tumesimama mlangoni kwake na kanga zetu, hatujui la kufanya. Ingekuwa mmoja wetu kila mtu anajua, huyu anasoma, huyu anachemsha maji, huyu anapiga simu, taarifa inatangazwa msikitini. Huyu je? Mmoja wetu akanong'ona, si dini yetu, tutamwambia nini. Tukabaki vile vile. Ndo tukasikia fimbo kwenye ngazi, Bi Mkubwa anashuka. Bi Mkubwa alikuwa hashuki tena zile ngazi, mguu haumruhusu, chakula anapelekewa. Kashuka na mkeka kwapani. Akasema, "Mtandikieni mwenzenu akae." Yule mmoja akamwambia, Bi Mkubwa, lakini huyu... "Lakini nini? Nani kakwambieni mie nakuja kusoma khitma? Mtu kafiliwa na mamake, nyie mumesimama kama milingoti."

Tukatandika. Tukakaa nae mpaka alfajiri, hatukusoma wala hatukuimba, tumekaa, anatusimulia mamake alivyokuwa akilima karanga, alivyokuwa mkali. Tukachanga nauli ya boti na basi. Saa moja asubuhi akapanda boti la kwanza, mtoto kamuacha kwangu kwa sababu ya skuli.

Alikaa kwangu siku tisa. Na siku ya kwanza, mchana, nimemuwekea wali na mchuzi wa tungule pamoja na wanangu, kabla hajakaa akanyanyuka akaenda kufunga mlango. Alafu akafunga dirisha. Joto lile. Nikamuuliza, mwanangu mbona unafunga? Akanambia, "Mama amesema tusile mbele za watu."

Ilikuwa Juni, Ramadhani imepita zamani. Mtoto ana miaka saba, na miaka miwili na zaidi anakula mlango umefungwa, mwezi wa funga na usio wa funga, kwa sababu yangu. Sikuweza kumaliza kile chakula. Usiku nikachukua kalenda ya simu nikaanza kurudi nyuma, sijui kwa nini, nilitaka kujua tu. Pasaka ya 2022 ilikuwa 17 Aprili, ya 2023 ilikuwa 9 Aprili, ya 2024 ilikuwa 31 Machi. Zote tatu zimeangukia ndani ya Ramadhani. Sikukuu yao kubwa, miaka mitatu mfululizo, mama na mwanawe wameila ndani, wamejifungia, wanazungumza pole pole, na sie uani tunapika futari na tunajisifu kwamba tunamvumilia.

Ndo nikapata jawabu ya suali langu la dirishani. Anaevumilia ni yule mwenye sauti ndogo. Mwenye mji hana anachovumilia, kengele moja mbili, nguo ya mtu, harufu ya chakula cha mtu, hayo si mavumilivu. Kuvumilia ni kufunga dirisha mwezi wa Aprili.

Aliporudi nilimueleza. Nilimuomba radhi kwa mtoto na kwa maji pamoja. Akanambia, "Ah dada, yameisha. Nilishazoea." Nilitamani angenigombeza kama alivyotugombeza usiku ule wa maji.

Nisieleweke vibaya, sisemi heshima ya Ramadhani iondoke. Mie ni Muislamu, napenda mji wangu unavyokuwa mchana wa mwezi ule, mikahawa imefungwa, sauti zimeshuka, na sioni taabu kumuomba mtu mzima asile barabarani. Ninachosema ni kwamba kuomba na kukemea si kitu kimoja, na mtoto wa miaka mitano si mtu wa kukemewa kwa funga ya mtu mwengine. Mwanangu nilimkalisha nikamwambia funga yako ni yako, ukimuona mtu anakula ndo unapata thawabu. Na yako makubwa kuliko ya nyumba yetu. Nimesikia kwa masikio yangu mwenye vyumba anamwambia dalali, mtu wa bara simtaki. Nimewasikia vijana wetu wanawaita wenzao majina nisiyoyaandika hapa, na nimewasikia watu wa bara nao wanaozungumza juu yetu kama kwamba sie ni watu wa kuchekwa, wavivu, washamba wa baharini. Hayo yapo pande zote. Lakini huku ndo kwetu, kwa hiyo la kwanza ni letu.

Bi Mkubwa katangulia mbele ya haki mwaka huu, Mungu amrehemu. Wanaume walimchukua kwa zile ngazi nyembamba kwa tabu kubwa. Sie wanawake tulibaki ndani, na aliekuwa jikoni toka saa kumi za usiku, kajifunga kanga kichwani, anachemsha maji na kuwaambia watu wakae wapi, ni yule dada wa chini. Katika kundi la WhatsApp la nyumba yeye ndo alieandika taarifa ya msiba, mana sie wengine mikono ilikuwa inatetemeka. Kandika "mama yetu".

Juzi tumegombana tena mimi na yeye. Kamba ya kuanikia nguo, mie nataka ipite upande wa jua, yeye anasema ikipita huko inamzibia dirisha lake na yeye siku hizi dirisha lake analiacha wazi. Kamba imebaki pale anapotaka yeye.